Nilimwambia Simama

Kama umerudi nyumbani kutoka hospitali juzi, na mkono mmoja unaning'inia kana kwamba umeazimwa, na watu wa nyumbani wanakutazama kwa huruma mpaka unatamani kuwafukuza, kaa hapa kidogo nikusimulie. Sitakueleza kiharusi ni nini. Madaktari walinieleza mara tatu, na mara zote tatu niliitikia kwa kichwa bila kuelewa kitu. Mimi nitakusimulia habari za mbwa, kwa sababu mwaka ule nilioumwa, kilichonichanganya kuliko vidonge na kuliko mguu wangu mwenyewe ni mbwa.

Jina lake Sajenti. Nilipewa na Mama Furaha, jirani yetu Mkongomani, fundi cherehani mwenye kibanda chake pale kwenye maduka, hatua chache kutoka nyumba tunayoishi Bukoto. Mbwa wake alikuwa amezaa, akaniambia nichague, nikachagua yule aliyekuwa anawakanyaga wenzake vichwani ili afike kwenye ziwa la mama. Nilimwita Sajenti kwa sababu mimi niliacha polisi nikiwa koplo tu, nikaona vizuri nyumbani pawe na mtu wa kunizidi cheo.

Mimi nilizaliwa kambini. Baba alikuwa mwanajeshi, Mlugbara wa Arua, na sisi watoto wa kambi, kila mmoja na kabila lake, tulitukanana na kupatana kwa Kiswahili. Mke wangu ni Muganda wa Kasubi. Kiswahili alikipata kwangu ukubwani, na ulimi wake una ile tabia ya Kiganda ya kubadilisha R na L viti. Kwake rudi ni ludi, na pole pole ni pore pore. Hata binti yetu, niliyempa jina la kwetu, Letaru, mama yake anamwita Letalu mpaka leo. Miaka ishirini na sita nimemcheka kwa hilo, mbele ya wageni na mbele ya watoto, na yeye alikuwa anacheka pamoja nami, au mimi niliona anacheka.

Nyumbani tunaongea Luganda zaidi. Lakini Sajenti alipokuja niliamuru kwamba mbwa afundishwe Kiswahili, kwa kuwa Kampala hii kila mtu anajua Kiswahili ndiyo lugha ya amri. Maneno yalikuwa matatu. La kumtoa getini, songa. La kumzuia, simama. La kumwita, rudi. Alikuwa na miezi minne na aliyashika yote kwa wiki mbili. Nilijisifu kwa majirani wote.

Ugonjwa ulinikuta mwezi wa nne, mvua zikiwa zimekolea. Nilikuwa nimekaa kitandani nafunga viatu niende kazini, maana baada ya polisi nilipata kazi ya kusimamia walinzi wa majengo. Vidole vya mkono wa kulia vikakataa. Nikavitazama, nikajaribu tena, nikaona kiatu kinakwenda mbali. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni ananiuliza mdomo wangu umekwenda wapi. Nilitaka kumjibu kwamba uko mahali pake. Hakuna kilichotoka.

Wodini nilikaa wiki tatu. Letaru, ambaye ana miaka ishirini na minne na anafanya kazi ya kuuza dawa, alilala kwenye mkeka chini ya kitanda changu. Mama yake alileta uji kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni anakofundisha. Mgonjwa haulizwi uji, na mimi hata ningeulizwa nisingejibu, kwa sababu siku kumi na mbili sikuwa na neno hata moja. Nilikuwa nalia ovyo. Machozi yalitoka bila ruhusa, hata redio ya jirani ikitangaza sabuni. Siku ya kumi na tatu nikasema maji. Wodi ikapiga makofi, na mzee wa kitanda cha pili, aliyekuwa mkali kwa kila mtu, akatoa chupa yake mwenyewe ya maji akasema nipewe mimi.

Baada ya hapo maneno yakaja moja moja, kisha yakaja kwa wingi. Nikaamini ulimi wangu umepona. Mguu na mkono ndivyo nilivyoona vimebaki.

Halafu yakaanza mazoezi, kila Jumanne na Alhamisi. Nakwambia ukweli, katika ugonjwa huu utatumia muda mwingi zaidi kwenye benchi kuliko kitandani. Letu lilikuwa la mbao kwenye ukumbi mrefu, limeng'arishwa na makalio ya wagonjwa. Kila mtu ana daftari lake la shule lililoandikwa jina, ambamo daktari huandika habari zako, na unalishika kifuani kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilijifunza kuwatambua wenzangu kwa upande uliolegea: sisi wa kulia, wao wa kushoto. Kulikuwa na mama mmoja wa kushoto ambaye akiwahi kufika alikuwa ananiwekea nafasi kwa kanga yake. Hatukuwahi kuzungumza zaidi ya salamu, lakini Jumanne ambayo hakuja nilikosa raha siku nzima.

Mwalimu wetu wa mazoezi alikuwa Sista Apio, mwanamke mfupi asiye na haraka. Mguu wangu ulikuwa na tabia ya kutetemeka katikati ya hatua, na mimi nilikuwa naulazimisha. Yeye alinikataza. Alisema mguu ukitetemeka niache kila kitu, nisimame, nisubiri utulie, ndipo niendelee. Niliona ni ushauri wa kumpa mzee. Nilikuwa na miaka hamsini na mitatu.

Nyumbani nako mambo yalikuwa ya ajabu, na nilishindwa kuelewa ni nani kati yetu aliyeumwa. Nikiomba chai, Letaru anasita, ananitazama, kisha anarudi na chai na gazeti na taulo, vyote kwenye sinia moja, ananiwekea mbele na kungoja. Nilichukua chai. Nilisema moyoni, huyu mtoto amechoka, hospitali imemharibu akili. Siku nyingine, kule hospitali, muuguzi aliniuliza leo siku gani, nikamjibu vizuri, na yeye akamtazama mke wangu, na mke wangu akatazama dari. Nikafikiri labda nimesahau adabu fulani. Nilipowauliza kuna nini, wote walisema hakuna kitu. Bambi, pumzika, walisema. Neno hilo la bambi, la kumhurumia mtu, nililichukia mpaka nikawa nalisikia usingizini.

Mwezi wa nane, Sista Apio akasema sasa nitembee nje kila siku, kidogo kidogo. Nilifurahi kwa sababu nilijua nitakayetembea naye. Sajenti hakuwahi kuniambia bambi. Katika miezi ile yote niliyokuwa nimelala, alikuwa nyuma ya nyumba anakula na kukua, na nilipotoka kumfungua nilikuta mnyama ambaye sikumzoea, kifua kipana, shingo nene, na furaha isiyo na breki. Mke wangu alipinga. Mimi nikasema mbwa nimemfundisha mwenyewe.

Siku ya kwanza, kamba nikaishika mkono wa kushoto, mkono mzima. Tukatoka getini. Sajenti akaanza kuvuta. Nikamwambia simama. Akaongeza mwendo. Nikamwambia tena, kwa sauti ya kambi sasa, simama. Akageuza kichwa akanitazama kwa macho ya kufurahi, kana kwamba nimempa zawadi, akavuta kwa nguvu zake zote. Pale wanapoegesha bodaboda, waendeshaji wakacheka mpaka mmoja akashuka kwenye pikipiki yake. Sikujua kilichowachekesha ni nini. Mgonjwa anaburuzwa na mbwa wake, sawa, inachekesha, lakini si kiasi kile.

Jioni mke wangu alimtoa yeye. Alisema ludi, na Sajenti akarudi. Alisema simama, na Sajenti akasimama mguu mmoja hewani. Nilikuwa nimekaa kibarazani nikiona yote. Nilihisi wivu, na chini ya wivu nilihisi woga ambao sikutaka kuuchunguza.

Wiki zilizofuata zilikuwa hivyo hivyo. Nilijaribu kila kitu. Nilizungusha kamba kwenye kiganja, jambo ambalo nakusihi usilifanye, maana akiruka anakwenda na mkono wako. Nilijaribu mifupa mfukoni. Nilijaribu kumtoa akiwa ameshiba, nikajaribu akiwa na njaa. Kadiri nilivyomwamuru ndivyo alivyovuta. Nilianguka mara ya kwanza mwishoni mwa mwezi huo, nikachubuka goti, nikaficha. Mara ya pili ilikuwa mwezi wa tisa, mvua zimerudi, udongo unateleza. Aliona mbuzi ng'ambo ya barabara. Niliita simama mara nne, nazikumbuka zote nne, na ya nne nilikuwa tayari naelekea mtaroni kifudifudi. Letaru ndiye aliyenitoa, na pua yangu ilikuwa inavuja damu juu ya sare yake ya kazini.

Usiku ule hakuna aliyenigombeza, nalo likawa baya zaidi. Asubuhi Letaru alinieleza kwa upole kwamba amempigia simu mjomba wake wa Kasubi, kaka wa mke wangu, ambaye sote tunamwita Salongo kwa kuwa ni baba wa mapacha. Jumapili ya wiki inayofuata angekuja na gari kumchukua Sajenti. Huko Kasubi angefungwa mnyororo alinde stoo ya mbao. Letaru alisema, baba, ukianguka kwa kichwa hatutapata tena wa kumtoa mtaroni. Alikuwa na haki. Lakini mimi nilisikia kitu kingine. Nilisikia kwamba mbwa akiondoka, geti litafungwa, na mimi nitabaki ndani kwenye kiti, na chai na gazeti na taulo, mpaka nife.

Nilikasirika, na hasira ikamtafuta mtu wa karibu. Nilimgeukia mke wangu aliyekuwa anakunja nguo. Nilimwambia Kiswahili chake kibovu ndicho kilichomharibu mbwa. Amemfundisha ludi, sasa mnyama hajui rudi, hajui lugha yoyote, amechanganyikiwa. Mke wangu hakujibu. Alikunja shati, akakunja jingine, akatoka nje. Nilimjua vya kutosha kujua kwamba ukimya ule una maana, ila maana yenyewe sikuipata.

Nilipobaki peke yangu nikaanza kuwaza kama polisi. Na hapo nikachanganyikiwa zaidi. Neno simama halina R. Halina L. Muganda, Mlugbara, Mkongomani, wote tunalitamka sawasawa. Sasa kosa la mke wangu liko wapi? Na kama si yeye, kwa nini neno lile lile likitoka kwake mbwa anasimama, na likitoka kwangu anakimbia? Nilifikiri labda sauti yangu imebadilika. Nilifikiri labda ananusa ugonjwa. Shangazi wa mke wangu alishawahi kusema kwamba nimetupiwa kitu, na mimi nilimcheka, lakini wiki ile sikuwa nacheka tena.

Ilikuwa Alhamisi, siku tatu kabla ya Salongo kuja. Tulikuwa tumetoka mazoezini, shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo mke wangu alikuwa nami. Nikamwomba aniache nimtoe Sajenti mara moja tu, naye atembee nyuma yangu. Alikubali. Tukafika kwenye maduka. Kuna mtu huchoma nyama pale, na Sajenti alipopata harufu akavuta kwa nguvu. Nikaukumbatia mti wa umeme kwa mkono wangu mbovu na kamba ikiwa kwenye mkono mzima, nikimpigia kelele asimame, asimame, asimame.

Mama Furaha akatoka kibandani, utepe wa kupimia uko shingoni. Alinitazama, akamtazama mbwa.

"Baba Letaru," akasema, "unaambia imbwa songa, na yeye anasonga. Kosa yake iko wapi?"

Nilimwambia hakusikia vizuri. Nilimwambia nimesema, na nikalirudia neno lenyewe polepole, ili alisikie. Sajenti akavuta. Mama Furaha akamtazama mke wangu. Mke wangu alikuwa anatazama viatu vyake.

"Nimesema nini?" nikamuuliza mke wangu.

"Songa."

"Na sasa?" Nikajaribu tena. Nililiona neno lile kichwani, herufi zote, s, i, m, nikalisukuma nje kwa uangalifu wote nilionao duniani.

"Songa," akasema, na safari hii kwa sauti ndogo.

Ndugu yangu, sijui nikuelezeje. Nilikuwa nimesikia simama. Kwa masikio yangu haya. Wiki nane nilikuwa nampa mbwa amri ya kwenda, naye anakwenda, kisha namtukana kwa kwenda. Sajenti hakunikosea hata siku moja. Katika nyumba ile nzima, yeye peke yake ndiye aliyekuwa akifuata nilichosema, wengine wote walikuwa wakifuata walichodhani nataka. Na wale wa bodaboda hawakucheka kwa sababu naburuzwa. Walicheka kwa sababu nilikuwa naomba kuburuzwa, kwa sauti kubwa, asubuhi na mapema.

Niliketi kwenye stuli ya Mama Furaha. Niliona aibu, halafu niliogopa kuliko nilivyoogopa wodini, kwa sababu wodini nilijua sina maneno. Hapa nilikuwa nayo, na yalikuwa yananisaliti mbele ya watu, na mimi najiona msemaji.

Tulipofika nyumbani nilimuuliza mke wangu tangu lini. Alichukua daftari langu la hospitali, lile ninalolishika kifuani kwenye benchi, akaligeuza, akalifungua kwa nyuma. Kurasa mbili zilikuwa zimejaa mwandiko wa Letaru. Akisema gazeti, ni chai. Akisema taulo, saa nyingine ni chai, saa nyingine redio. Akisema jana, ni kesho. Na chini kabisa: akisema dada, ni mimi.

Nilisoma mstari ule mara nyingi. Miezi mitano nilikuwa namwita binti yangu dada, naye anaitika.

Nikamuuliza mke wangu kuhusu mbwa, kama alisikia. Hakuficha.

"Nirisikia," akasema. "Mara ya kwanza nirikusahihisha ukiwa wodini, uliria siku nzima. Nikasema sitaki kuona hiyo tena. Halafu wewe ukasema Kiswahiri changu kimehalibu mbwa. Na mimi nina hasira, Taata Letalu. Nikasema basi, ajionee mwenyewe."

Kisha akaanza kulia yeye, kwa sababu ya mtaro, kwa sababu angeweza kuuzuia. Sikujua nimkasirikie au nimshike mkono. Nilikuwa na hasira naye kweli, nisikudanganye. Lakini nyani haoni kundule. Mimi nilimcheka R yake na L yake miaka ishirini na sita, na ulimi wangu wote umehama nyumba sina habari. Nilimwomba jambo moja. Nilimwomba kuanzia saa ile, kila neno nitakalokosea aniambie, hata nikilia. Alikubali. Siku ile peke yake aliniambia mara kumi na tisa, na nililia mara mbili.

Kwa Sajenti niliamua kufunga mdomo. Kama mdomo ni mwongo, asisikilize mdomo. Nikakumbuka maneno ya Sista Apio kuhusu mguu. Ijumaa asubuhi tulitoka getini, na kamba ilipokaza nikasimama. Sikusema kitu, sikuvuta, sikurudi nyuma. Nilisimama tu, miguu imepanuka kidogo, kamba fupi mkononi. Sajenti akavuta. Akavuta tena. Akageuka akanitazama, akingoja neno. Neno halikuja. Baada ya muda akachoka, akarudi hatua moja kuja kuona nina shida gani, kamba ikalegea. Nikatembea. Hatua tatu, akakaza. Nikasimama.

Kutoka getini kwetu hadi geti la jirani ni hatua ishirini. Siku ile zilitutoa jasho kwa dakika arobaini. Jirani alitoka akauliza kama nimezimia wima. Mguu nao ulikuwa unatetemeka, na kila nilipomsubiri mbwa nilikuwa nausubiri na mguu, hata sikujua tena nani anamfundisha nani. Jioni Mama Furaha alileta kitu alichoshona kwa mikanda ya mabegi ya shule yaliyochakaa: mkanda wa kumvalisha mbwa kifuani, na pete ya kufungia kamba ikiwa mbele badala ya shingoni. Akivuta, anajigeuza mwenyewe. Alisema hataki chochote, anataka tu nisimpigie imbwa kelele mbele ya wateja wake.

Jumapili Salongo alifika na gari, na kamba ya katani, na mkewe. Letaru hakutaka kusikia hadithi. Nilimwomba jambo moja tu: twende hadi kwenye maduka na kurudi, wote waone. Nikianguka, au nikiburuzwa, Sajenti apande gari. Alimtazama mama yake. Mama yake akasema tumwache ajaribu.

Tulikwenda msafara mzima, mimi na Sajenti mbele, wao nyuma kama watu wa mazishi. Mpaka kona ya kwanza alivuta mara sita, na mara sita nilisimama. Salongo aliuliza kwa sauti kama hivi ndivyo tutakavyofika Krismasi. Baada ya kona alivuta mara mbili. Kwenye bodaboda kulikuwa kimya, nadhani walikuwa wameshapata habari. Kisha tukafika kwa mchoma nyama, moshi unatujia usoni, na Sajenti akachomoka.

Mkanda ukamgeuza nusu. Mguu wangu ukaanza kutetemeka. Kila kitu ndani yangu kilitaka kupiga kelele, neno lilikuwa limeshapanda hadi kwenye meno, na sikujua ni lipi. Nikalimeza. Nikasimama. Nilimsikia Letaru nyuma anavuta pumzi na mama yake anamzuia kwa mkono. Sijui ilikuwa muda gani. Sajenti alitazama nyama, akanitazama mimi, akatazama nyama. Kisha akarudi, akakaa juu ya kiatu changu cha kulia, ule mguu mbovu, kwa uzito wake wote, na mguu ukaacha kutetemeka.

Tulirudi. Salongo alikula chakula cha mchana, akapakia kamba yake ya katani garini, akaenda zake Kasubi. Letaru hakusema nimeshinda. Aliniletea chai, chai peke yake, bila sinia.

Sasa ni msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, wanawake wanakaa barazani wakiwachambua mabawa, na mimi natembea hadi sokoni na kurudi. Mkono haujarudi wote. Maneno nayo bado yanapotea. Jana nimemwambia Sista Apio heri ya mwaka mpya nikimaanisha kwaheri. Kama nawe umo ndani ya ukungu huu, ushauri wangu ni mmoja: tafuta mtu mmoja wa kukwambia ulichosema, si ulichotaka kusema. Wengine waache wakuhurumie, ila huyo mmoja usimwache.

Jumapili ile, wageni walipokwisha kuondoka, mke wangu alikuwa amekaa kibarazani anavua viatu. Nilitaka kumwambia asante. Nililiandaa neno kwa uangalifu, nikalisema. Alinyanyua uso, kiatu kimoja kimebaki mkononi, nikajua limeharibika.

"Nimesema nini?" nikamuuliza.

"Umesema samahani."

Nikafungua mdomo nilisahihishe. Akanishika mkono, ule wa kulia.

"Wacha hivyo hivyo," akasema.

Nikaliacha. Na mpaka leo sijui kama siku ile ulimi wangu ulikosea.